Rangi Iliyobaki Chunguni: Waridi, Jua na Pwani ya Kiswere

Mwaka 1331, Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alishuka Mogadishu akiwa njiani kuelekea Kilwa. Alipokewa kwa adabu za mji: aliletewa sahani ya tambuu na popoo, kisha mjumbe wa sultani akaja na chombo cha marashi ya waridi kutoka Dameski, akamnyunyizia yeye pamoja na kadhi aliyekuwa naye. Aliyaandika hayo kama mambo ya kawaida, kwani ndivyo watu wa heshima walivyokaribishwa katika miji mingi ya Bahari ya Hindi. Lakini katika habari zake za Mogadishu, Mombasa na Kilwa hakutaja bustani hata moja ya mawaridi. Waridi lilikuwa limekwisha kufika pwani ya Afrika ya Mashariki, ila lilifika likiwa maji.

Jambo hilo dogo lina uzito wake katika historia ya lugha. Waridi limo katika mashairi ya Kiswahili, katika nyimbo za harusi, katika majina ya wanawake na katika sifa za mashavu ya wapendwa. Mti wake umepewa jina, mwaridi. Mafuta yake mazito yamepewa jina, halwaridi. Na jina la ua lenyewe limegeuka kuwa jina la rangi, kwani kitu chenye wekundu mwepesi husemwa kuwa ni cha rangi ya waridi. Ilhali katika sehemu kubwa ya mwambao, kutoka Kilwa kushuka Kiswere hadi Lindi, ua hilo ni mgeni ambaye jua halimwachi atulie. Ni mgeni aliyestarehe katika lugha kuliko alivyostarehe katika udongo, na sababu yake inaonekana katika rangi yake.

Sanaa ya kukeneka marashi, yaani kuchemsha maua na kuukusanya mvuke wake, ilistawi mapema katika nchi za Kiislamu. Katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdadi aliandika kitabu kizima juu ya manukato na namna ya kuyakeneka. Karne iliyofuata, mwanajiografia Ibn Hawqal alieleza jinsi marashi ya mji wa Jur, katika jimbo la Fars la Uajemi, yalivyosafirishwa hadi nchi za mbali. Na mpaka leo Waarabu huliita waridi lenye harufu nzito kwa jina la mji huo, wardi juri. Shirazi nayo imo katika jimbo lilo hilo la Fars, na Shirazi ndiyo ambayo tarikh ya Kilwa inaitaja kuwa asili ya watawala wa mwanzo wa kisiwa kile. Wanahistoria wamebishana kwa muda mrefu juu ya dai hilo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotokana na mifupa ya makaburi ya kale ya mwambao, umeonyesha kwamba wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuchanganya damu na wanawake wa Kiafrika yapata mwaka 1000. Nani kati yao alibeba chupa ya kwanza ya marashi hakuna awezaye kusema. Lakini njia ya watu na njia ya harufu zilikuwa moja.

Baadaye, hasa katika enzi za Mabusaidi, njia hiyo ilipita Omani. Huko, juu ya Jabal Akhdar, katika kimo cha karibu mita 2,000, wakulima wa vijiji vya mlimani hulima mawaridi katika matuta yaliyojengwa kwa mawe kama ngazi. Maua huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Mei, alfajiri, kabla jua halijapanda na kuirusha harufu. Kisha hutiwa katika vyungu juu ya tanuri, na juu ya maua huwekwa bakuli la kupokea matone, na juu ya chungu chombo chenye maji baridi ya kuugeuza mvuke kuwa matone. Hapo ndipo waridi linapogawanyika mara mbili. Harufu hupanda na mvuke, rangi haipandi. Rangi ya ua ni kitu kizito kisichoruka, nayo hubaki chunguni, ikatupwa pamoja na makapi. Kinachotiwa chupani, kikafungwa, kikapakiwa jahazini na kusukumwa na kaskazi hadi Unguja, Kilwa na ghuba za kusini, ni nusu ya waridi. Pwani ilipokea nusu ile iliyopanda.

Je, ile nusu iliyobaki ingeweza kumea hapa? Kiswere ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo. Ni ghuba iliyo kusini mwa Kilwa na kaskazini mwa Lindi, kiasi cha digrii tisa na nusu kusini ya ikweta, yenye mikoko kandokando ya maji. Jua hupita juu ya utosi wa mtu wa Kiswere mara mbili kwa mwaka: katika wiki ya tatu ya Oktoba na katika wiki ya mwisho ya Februari. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni kama saa moja tu, na usiku wa miezi ya kaskazi haupoi, kwa kuwa bahari huuhifadhi ujoto wa mchana na kuurudisha nchi kavu gizani. Kwa hiyo mwaridi uliopandwa Kiswere haukosi mwanga hata kidogo. Unachokikosa ni baridi.

Kukosa huko ndiyo siri yote. Wekundu wa waridi hutokana na rangi iitwayo anthosayanini, ambayo ua hujitengenezea lenyewe kutokana na sukari, likiwa bado ni tumba. Umanjano hutokana na kundi jingine la rangi, karotenoidi. Mwanga wa jua, hasa ule wa buluu na mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huliamsha ua kuitengeneza anthosayanini, kana kwamba petali zinajisukia vazi la kujikinga. Kadiri jua linavyolichoma tumba, ndivyo vazi linavyozidi kukolea. Lakini joto hufanya kinyume chake. Joto kali hupunguza kasi ya kutengenezwa kwa rangi na huvunja sehemu ya ile iliyokwisha kutengenezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya waridi jekundu la aina ya Jaguar ulionyesha kwamba tumba likipatwa na joto la nyuzijoto 39 mchana, hata kwa muda mfupi, hufunguka likiwa limepungukiwa na wekundu. Na usiku wenye joto una hasara yake pia: mmea hupumua kwa kasi, ukaila sukari ambayo ingegeuzwa kuwa rangi, na ua hufunguka upesi, dogo, kabla halijashiba.

Basi jua na joto, vitu viwili ambavyo mtu wa pwani huvihesabu kuwa kimoja, katika mwili wa waridi ni mahasimu. Jua hupaka, joto hufuta. Katika Kiswere ya Februari wapakaji na wafutaji hufanya kazi saa zile zile. Matokeo yake ni ua ambalo kingo zake hupauka mapema, na wekundu wake hushuka ukawa wa waridi, na wa waridi ukawa mweupe wenye doa. Ukifika msimu wa kusi, kati ya Juni na Agosti, usiku unapopoa kidogo na upepo unapovuma mkavu, mti ule ule katika udongo ule ule hutoa ua lililokolea zaidi. Mwenye kuyatazama maua hayo mawili kwa wakati mmoja angedhani ni ya miti miwili. Kumbe ni mti mmoja unaosimulia pepo mbili.

Mahasimu hao hupatanishwa na kimo. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda juu ya usawa wa bahari, joto hupungua kwa nyuzijoto sita hivi, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mlimani, kwa hiyo, jua huzidi wakati joto linapungua: mpakaji hupata nguvu na mfutaji hudhoofika. Ndiyo sababu mawaridi ya Jabal Akhdar hupata rangi katika nchi ambayo mabonde yake ni tanuri. Ndiyo sababu pia, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, mashamba makubwa ya mawaridi ya Kenya yamekusanyika kandokando ya Ziwa Naivasha, lililo kwenye kimo cha karibu mita 1,880, na yale ya Tanzania yakajikusanya katika miinuko ya Arusha na Kilimanjaro. Huko, karibu na ikweta, siku ni ya saa kumi na mbili mwaka mzima na usiku ni wa kujifunika blanketi. Wakulima wa huko hata wana taabu iliyo kinyume na ya Kiswere: waridi jekundu likipata baridi nyingi pamoja na mionzi mingi, petali zake hukolea kupita kiasi, zikawa nyeusi kwenye kingo. Hivyo hufunika mabanda yao kwa plastiki inayozuia sehemu ya mionzi hiyo, ili wekundu usimame pale soko la Ulaya linapoutaka. Ua jekundu analopewa mpenzi huko London limepimiwa jua lake kama mtu anavyopimiwa dawa.

Historia ya waridi ulimwenguni nayo ni historia ya namna mbili za kukutana na jua. Mawaridi ya kale ya Ulaya na ya nchi za Mashariki ya Kati huzeeka kwa kupauka: hufunguka na rangi yake kamili, kisha jua huipunguza siku baada ya siku. Mawaridi ya Uchina yana tabia nyingine. Mengi yao hukolea kadiri yanavyokaa juani. Moja lao, liitwalo Mutabilis, hufunguka likiwa la manjano iliyofifia, likageuka la waridi, na likafa likiwa jekundu. Mti mmoja hubeba rangi zote tatu kwa siku moja. Mawaridi hayo ya Uchina yalianza kustawishwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, na damu yake ndiyo iliyoyapa mawaridi ya kisasa wekundu wake mzito na tabia ya kuchanua misimu mingi.

Lakini maua ya Uchina yalikuwa yameitangulia Ulaya kwa karne nyingi huku Kilwa, ingawa si kwa mizizi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakiongozwa na Neville Chittick, walikuta vigae vya vyombo vya Kichina, na miongoni mwa vyombo vya kaure vilivyouzwa katika mwambao mzima mlikuwa na vile vilivyopambwa kwa maua ya buluu. Watu wa pwani walivipenda vyombo hivyo hata wakavipachika katika kuta na makaburi. Bakuli za namna hiyo zilipachikwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi. Rangi yake ni ya madini ya kobalti, iliyopakwa chini ya kioo na kuchomwa motoni. Ua la aina hiyo jua haliliongezi wala halilipunguzii kitu. Limekwisha kupita katika joto kubwa kuliko la Februari yoyote.

Kuna kinaya katika ubuluu ule. Mwaka 1913 mkemia Mjerumani Richard Willstätter alitenga rangi ya ua la buluu la mashamba ya ngano ya Ulaya, na mwaka 1915 akaonyesha kwamba rangi iyo hiyo, sayanidini, ndiyo inayolifanya waridi liwe jekundu. Kitu kimoja, nyumba mbili: katika ua moja ni buluu, katika jingine ni damu. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zake juu ya rangi za mimea. Kiswere ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, manowari za Kiingereza ziliiteka pwani ya kutoka Kilwa hadi Lindi. Waridi lenyewe limeukataa ubuluu hadi leo, kwa kuwa halina uwezo wa kutengeneza delfinidini, rangi inayoyafanya maua mengi yawe ya buluu. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitangaza mwaka 2004 kuwa imelipandikizia waridi uwezo huo kutoka ua jingine, na mwaka 2009 ikaliuza. Lakini lililotoka ni la urujuani, si la buluu. Waridi la buluu kamili limebaki kuwa jambo la mfinyanzi.

Haifai kuisimulia biashara hii ya harufu na kaure kana kwamba majahazi yalikuja kwa ajili ya uzuri tu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watu waliofanywa watumwa, walioswagwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapelekwa kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na wengine Arabuni. Mkataba wa 1873 uliifunga njia hiyo ya bahari kwa maandishi na kulifunga soko la Unguja. Sehemu ya mali iliyonunua mirashi ya fedha na marashi ya kuwanyunyizia wageni ilitoka katika jasho na damu ya watu hao. Nyumba iliyonukia waridi mara nyingi ilifagiliwa na mtu asiyekuwa na ruhusa ya kuliita jina lake la kwao. Anayelitia waridi katika ubeti wa Kiswahili hurithi harufu hiyo pamoja na kivuli chake, na ubeti unaokijua kivuli hicho una kina zaidi ya ule usiokijua.

Sasa inaeleweka kwa nini pwani ilichagua ilivyochagua. Maua ambayo mwambao umeyaheshimu kwa vitendo, si kwa maneno tu, si maua ya rangi. Asumini ni jeupe. Kilua ni la kijani kinachoelekea manjano, hata mtu hulipita mtini asilione. Mrehani hutafutwa kwa majani yake. Katika kikuba na katika kitanda cha bibi harusi vitu hivyo hufungwa na kutandazwa kwa ajili ya pua, na vingi hutoa harufu yake kwa wingi jioni na usiku, jua likiisha kuondoka. Katika nchi ambayo mchana hufuta rangi, watu walijifunza kuupenda uzuri unaofanya kazi gizani. Waridi nalo lilipoingia katika jamaa hiyo lilivuliwa vazi lake jekundu, likaingia kwa harufu. Marashi hunyunyizwa katika maulidi, hunyunyizwa kwa bwana harusi, hunyunyizwa juu ya sanda na juu ya kaburi jipya. Katika hali zote hizo hakuna anayeuliza ua lilikuwa na rangi gani.

Kwa hiyo lawama kwamba mshairi wa pwani huliimba waridi asilolijua haina msingi. Analijua kwa upande ule ulioweza kuvuka bahari. Anapolifananisha shavu na waridi, husemea pia uchache wake: ni kitu cha msimu, kisichovumilia mchana, ambacho mtu akichelewa hukikuta kimepauka. Mshairi wa Shirazi alilia kwa sababu waridi hudumu siku chache. Wa Kiswere ana sababu ya kulia zaidi, kwani lake hudumu asubuhi moja.

Wala hali ya hewa iliyoipanga historia hii haikukaa pale ilipokuwa. Joto la dunia limepanda kwa zaidi ya nyuzijoto moja tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliopima maua makavu ya aina 42 yaliyohifadhiwa katika makumbusho, yaliyokusanywa kati ya 1941 na 2017 katika Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Australia; ulionyesha kwamba katika muda huo maua yalibadilisha kiasi cha rangi yake ya kukinga urujuanimno, mengine yakiongeza, mengine yakipunguza, kufuatana na hewa ya ozoni na joto la mahali yalipoota. Maua yanaandika tarikh ya hewa katika petali zake, na mlima uliozidi kuota joto utalazimika siku moja kuandika kama unavyoandika ufuko. Nchi za mlimani zikipata usiku wa Kiswere, zitajifunza kwa uchungu somo ambalo Kiswere imelijua tangu zamani: kwamba wekundu wa waridi ni deni la baridi.

Wenye Kiswahili wana hazina hapa isiyohitaji kusubiri hayo. Lugha yao imehifadhi jina la rangi ambayo jua lao huifuta, na imehifadhi harufu ya ua ambalo rangi yake iliachwa chunguni katika mlima wa mbali. Mwaridi wa Kiswere, ukitoa ua lililopauka mwezi wa Februari, haujashindwa kuwa waridi. Umesema kweli juu ya mahali ulipo, na mwezi wa Julai, kusi likivuma, utasema kweli nyingine.